Anemoni hang'olewi kwa nguvu: hasara huanzia unyayoni

MKULIMA anayejua kazi yake hang'oi mche wa nyanya kitaluni kwa kuushika shingo na kuuvuta. Kwanza huumwagilia maji, kisha huingiza kijiti chini ya mizizi, akauinua pamoja na bonge la udongo wake. Anajua kwamba mche uliokatika mizizi utasimama siku mbili ukionekana mzima, na siku ya tatu utalala chini. Hapo pesa za mbegu, za mbolea na za kibarua zitakuwa zimekwenda na maji.

Kanuni hiyo ya kitaluni inahitajika sana katika biashara nyingine ambayo wengi hawaihesabu kuwa ukulima, nayo ni ya viumbe wa baharini wanaofugwa ndani ya matangi ya kioo. Kuna wapwani wanaopata riziki kwa kuzamia na kukusanya viumbe hao, kuna wafanyabiashara wanaowatunza na kuwasafirisha, na kuna wafugaji wanaowaweka sebuleni, hotelini na katika vyumba vya mapokezi vya zahanati. Wote hawa hukutana na mnyama mmoja anayewatia hasara kuliko wengi: anemoni wa baharini. Na mara nyingi hasara hiyo haitokani na ugonjwa wala na safari. Hutokana na dakika moja ya haraka, pale mtu alipoamua kumbandua kwa nguvu.

Anemoni ni mnyama, ingawa amwonaye mara ya kwanza humdhania ua. Hana mfupa wala ubongo. Mwili wake ni mfuko wa nyama laini uliojaa maji. Juu ana mdomo mmoja, ambao ndio mlango wa kuingizia chakula na ndio huo huo wa kutolea uchafu. Mdomo umezungukwa na minyiri, yaani mikono laini kama ya pweza isiyo na vikombe, ambayo humwasha anayeigusa kama upupu. Chini ana unyayo, bapa la misuli linaloshika mwamba kwa kunata na kwa kufyonza. Ndani ya nyama yake huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inayotumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake.

Ziko aina zaidi ya 1,000 za anemoni duniani. Katika kitabu walichokitoa mwaka 1992, wataalamu Daphne Fautin na Gerald Allen walizitaja aina 10 tu ambazo hukaribisha ndani ya minyiri yao wale samaki wadogo wenye mistari myeupe, ambao watoto wa dunia nzima waliwajua kwa jina la Nemo baada ya filamu ya mwaka 2003. Bahari ya Afrika Mashariki imejaliwa kuwa na aina kadhaa za anemoni hao, na samaki wao vilevile.

Biashara si ndogo

Msomaji anaweza kuuliza: haya yana faida gani kwa mtu wa kawaida? Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya mwaka 2003 ilikadiria kuwa watu kati ya milioni 1.5 na milioni 2 walikuwa wakifuga viumbe wa bahari majumbani, na kwamba biashara hiyo ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 200 na milioni 330 za Marekani kwa mwaka. Ripoti hiyo ilieleza pia kwamba mwaka 2000, katika nchi moja ya visiwa, kilo moja ya samaki wa mapambo ilikuwa na thamani ya karibu dola 500, wakati kilo moja ya samaki wa kula kutoka kwenye matumbawe ilikuwa dola 6 tu.

Pwani ya Kenya ni mojawapo ya sehemu za dunia ambako samaki wa mapambo na viumbe wengine wa baharini hukusanywa kwa leseni na kupelekwa Ulaya, Marekani na kwingineko. Kwa hiyo anemoni anayehamishwa kutoka jiwe moja hadi jingine katika tangi la mtu huko Ujerumani si jambo la mbali. Ujuzi ule ule unaomfaa mfugaji wa huko sebuleni kwake ndio unaomfaa mzamiaji wa Kilifi au Kwale, na ndio unaomfaa mwenye ghala la matangi Mombasa.

Ndiyo maana hoja hii haina budi kusemwa waziwazi: anemoni habanduliwi, bali hufanywa abanduke mwenyewe. Asiyeweza kungoja hadi mnyama aachie, na amwache alipo. Biashara yote ya anemoni, kuanzia mwambani hadi dukani, inapaswa kujengwa juu ya kanuni hiyo, na bei zake zipangwe kwa kuifuata.

Unyayo ukichanika

Unyayo ndio mzizi wa anemoni. Ukichanika, ule mfuko wa maji umetoboka. Bakteria huingia, nyama huanza kuoza, na kwa kuwa mnyama huyu ni laini mno, kuoza huenea haraka. Kidonda kidogo chaweza kupona endapo maji ni safi na mnyama ana nguvu. Kidonda kikubwa ni hukumu.

Ubaya ni kwamba hukumu hiyo haitekelezwi papo hapo. Aliyembandua kwa nguvu humwona anemoni akijikunja na kujikunjua ndani ya ndoo, akadhani ni mzima. Humuuza. Aliyemnunua humtia katika mfuko wa plastiki wenye maji na hewa ya oksijeni, akamlipia nauli ya ndege. Nauli hiyo hulipwa kwa kilo, na sehemu kubwa ya uzito ni maji. Mnyama anayekufa njiani amelipiwa nauli sawa na aliye hai. Akifia ndani ya tangi la mnunuzi, hafi peke yake: mwili wake unaooza huchafua maji yote, na samaki waliokuwa humo wanaweza kufa pamoja naye. Mnunuzi huyo harudi tena dukani. Hasara imepita mikono minne au mitano, lakini chanzo chake ni kucha au kisu cha yule wa kwanza.

Na anayepotea si mnyama wa msimu mmoja. Mwaka 1828 mtaalamu wa viumbe wa Uskoti, Sir John Dalyell, alichukua anemoni mmoja mdogo mwekundu pwani ya huko na kumweka katika chombo cha kioo. Dalyell alifariki mwaka 1851. Anemoni alibaki, akarithiwa na watunzaji wengine, akazaa mamia ya watoto, na akafa mwaka 1887. Alikuwa ameishi katika chombo miaka 59, na watu walikuwa wakimwita Bibi. Huyo alikuwa wa aina ndogo ya bahari ya baridi, lakini habari yake inafundisha kwamba mnyama huyu akitunzwa aweza kumzidi umri anayemfuga. Ni aibu, basi, kwamba wengi hawamalizi hata mwaka mmoja katika matangi.

Njia za subira

Je, ni vipi anemoni hufanywa aachie? Njia ya kwanza ndiyo bora, nayo ni ile ya bonge la udongo: kumhamisha pamoja na jiwe lake. Mfugaji mwenye busara hutandaza vijiwe vidogo vilivyo huru mahali anapotaka anemoni akae. Mnyama akishika kimojawapo, siku ya kuhamishwa hakuna kazi ya kubandua. Kijiwe huinuliwa ndani ya maji, kikatiwa katika chombo, kikapelekwa kinakokwenda. Hakuna unyayo ulioguswa.

Njia ya pili ni kumnyima anachokipenda. Anemoni anaweza kutembea, japo polepole, kwa kuteleza juu ya unyayo wake. Hutafuta mwanga wa kutosha na maji yanayopita kwa kiasi anachokitaka. Mfugaji akimfunika kwa kikapu au ndoo isiyopitisha mwanga, au akigeuza pampu ndogo ili mkondo wa maji umpige upande wa chini, mara nyingi mnyama mwenyewe ataanza kuondoka. Yaweza kuchukua saa kadhaa, yaweza kuchukua siku mbili au tatu. Asubuhi mtu atamkuta ameshika jiwe jingine au ameachia kabisa.

Njia ya tatu hutumika pale anemoni alipoishika sehemu bapa, kama kioo cha tangi au uso wa jiwe. Kwanza huguswa taratibu ili ajikunje na kutoa maji mwilini, kwa sababu aliyejaa maji huchanika upesi. Halafu ncha ya kidole, au ukingo wa kadi laini ya plastiki, huanzishwa pembeni mwa unyayo. Si katikati, na si pande zote kwa pamoja. Pembe moja ikiachia, mtu hungoja kidogo, akaendelea. Sehemu iliyokwisha kuachia huzuiwa isishike tena. Kazi hii ni ya dakika ishirini au zaidi, wala si ya kufanywa na mtu anayetazama saa. Bisibisi, kisu, tindo na brashi ngumu havina nafasi hapa.

Wako wafugaji wanaotumia barafu pia. Kipande huwekwa ndani ya mfuko mdogo wa plastiki ili maji yake yasivuje, kisha husuguliwa nyuma ya jiwe, karibu na unyayo. Baridi humfanya mnyama ajikunje na kulegeza. Njia hii husaidia, lakini isigeuzwe mazoea: mnyama wa bahari ya joto hatakiwi kupozwa mara kwa mara, na barafu isiguse nyama yake.

Katika njia zote hizi kuna mambo yasiyobadilika. Kazi hufanyika ndani ya maji. Anemoni aliyejaa maji akiinuliwa hewani, uzito wake mwenyewe huweza kumchana. Mikono huvaliwa glavu, kwa sababu minyiri huwasha, na aina zile pana zinazofanana na zulia huchoma kwa ukali zaidi. Mtu asijifute macho kabla ya kunawa. Tena pampu huzimwa, au midomo yake hufunikwa kwa sponji, kwani anemoni anayeelea ovyo akinyonywa na pampu hukatwakatwa kama nyama ya kusaga.

Wa kuachwa

Kuna hali moja ambayo njia zote hizo hushindwa: anemoni aliyeuzamisha unyayo wake ndani ya ufa wa mwamba. Aina moja inayopendwa sana sokoni, ile yenye minyiri iliyovimba nchani kama chupa ndogo, ina tabia hiyo hasa. Minyiri huonekana nje, lakini unyayo umejificha kwa ndani, na anapoguswa hujivuta akapotelea shimoni.

Katika tangi, mwenye subira anaweza kulitoa jiwe zima na kuliweka kichwa chini ndani ya chombo cha maji yale yale, ili mnyama autafute mwanga mwenyewe. Baharini hakuna njia hiyo. Anayemtaka anemoni wa namna hii hana budi kumchana au kuvunja mwamba. Yote mawili ni uharibifu. Akimchana, ameua anachokiuza. Akivunja mwamba, ameibomoa nyumba ya samaki, pweza na kamba ambao majirani zake wavuvi wanawategemea. Anemoni wa ufani na aachwe ufani. Hilo lingekuwa agizo la kwanza la kila mnunuzi kwa wazamiaji wake, nalo lisingemgharimu hata senti moja.

Kuna tena jambo la kushangaza ambalo mkulima yeyote ataling'amua mara moja. Matangi mengi huvamiwa na anemoni mdogo wa rangi ya kahawia, aitwaye kitaalamu Aiptasia, ambaye ni gugu tupu. Huwachoma matumbawe na kuenea kila pembe. Mfugaji mgeni humkwangua kwa kisu, na baada ya wiki chache hukuta wamekuwa kumi. Kila kipande cha unyayo kilichobaki kwenye jiwe kimeota mnyama mpya, kama ndago inavyozidi kila inapolimwa kwa jembe. Nguvu ile ile inayomuua anemoni wa thamani ndiyo inayomzidisha anemoni asiyetakiwa. Huyu wa pili dawa yake ni kamba wadogo na konokono wasio na gamba wanaomla. Kwa vyovyote vile, kumkwangua anemoni hakujawahi kumfaidi mtu.

Baada ya kuhama

Mche uliohamishwa vizuri hufa pia ukipandwa juani bila maji. Anemoni naye huhitaji kupokewa. Maji anayotoka na anayokwenda yasitofautiane sana kwa joto na chumvi. Joto la nyuzi 25 hadi 27 humfaa, na chumvi ya kama gramu 35 kwa lita, sawa na bahari yenyewe. Tangi liwe limekomaa. Wafugaji wazoefu hawamtii anemoni katika tangi lisilofikisha miezi sita, kwa kuwa maji ya tangi changa hubadilikabadilika.

Huwekwa unyayo ukiwa chini, juu ya jiwe lenye kijishimo, na mkondo wa maji hupunguzwa kwa saa chache mpaka ashike. Kumzungushia kikapu cha plastiki chenye matundu humzuia asitangetange. Asilishwe siku za kwanza. Baadaye vipande vidogo vya kamba au samaki, mara moja au mbili kwa wiki, vinamtosha, kwani chakula chake kikubwa ni mwanga.

Kutambua hali yake si kazi ngumu. Mdomo uliofumba vizuri, unyayo unaonata na minyiri inayoshika kidole ni dalili za uzima. Kusinyaa na kujaa tena ni kawaida yake, asisumbuliwe. Lakini mdomo uliolegea na kubaki wazi, unyayo usioshika chochote na harufu mbaya ni dalili za kifo, na mnyama huyo atolewe kabla hajawaua wenzake. Anemoni mweupe pe naye si urembo. Ameipoteza ile mimea inayomlisha. Anayemuuza kwa bei ya juu kwa sababu ya weupe wake anauza njaa.

Nani alipe subira?

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mzamiaji anayelipwa kwa idadi hana sababu ya kukaa nusu saa akimbembeleza mnyama mmoja, wakati mwenzake amekwisha kung'oa watano. Njaa haina subira. Kumlaumu peke yake ni kumwonea. Aliyepanga bei ndiye aliyepanga haraka.

Mnunuzi akitaka unyayo mzima, alipie unyayo mzima. Inawezekana kabisa kulipa sehemu ya bei siku ya kupokea na sehemu kubwa zaidi baada ya siku chache, anemoni atakapokuwa ameshika jiwe ghalani na mdomo wake umefumba. Masharti yaandikwe, na mzamiaji aruhusiwe kuja kumwona mnyama wake tangini, asije akaambiwa amekufa na kumbe amekwisha kuuzwa. Mfumo huu utapunguza idadi, lakini utaongeza wanaofika hai, na wanaofika hai ndio wanaolipiwa.

Wapo watakaosema kwamba bahari ni kubwa, anemoni ni wengi, na kwamba akifa mmoja kuna mwingine. Waangalie Ufilipino. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu eneo la Cebu ulionyesha kwamba anemoni na samaki wao walikuwa wachache zaidi mahali walipokusanywa kwa biashara kuliko mahali palipohifadhiwa. Si ajabu. Mnyama anayeishi miaka mingi huwa hana haraka ya kuziba pengo. Na anemoni mmoja akiondolewa, samaki wanaomtegemea hubaki bila nyumba, wakaliwa.

Kwa bahari ya Afrika Mashariki kuna sababu ya ziada. Joto la mwaka 1998 lilipausha na kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya ukanda huu, na joto la namna hiyo limerudi zaidi ya mara moja tangu wakati huo. Anemoni nao hupauka kama matumbawe. Mwamba ambao tayari unapigwa na joto hauwezi kuvumilia pia tindo la mtu mwenye haraka. Zaidi ya hayo, anemoni hawamo katika orodha za mkataba wa CITES, ambao unadhibiti biashara ya matumbawe magumu kati ya nchi na nchi. Maana yake ni kwamba ulinzi wao umeachiwa kwa kiasi kikubwa sheria za nyumbani na busara ya wafanyabiashara wenyewe. Mbuga za baharini kama Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, haziruhusu kukusanya chochote. Nje ya mbuga, mwenye leseni na amuulize ofisa wa uvuvi ni viumbe gani vinaruhusiwa na wapi, kabla hajatia maski usoni.

Uza mtoto, acha mama

Njia yenye faida ya kudumu ni nyingine, na wakulima wa migomba wanaijua tangu zamani. Shina la mgomba haliuzwi. Linalouzwa ni chipukizi lake.

Yule anemoni mwenye minyiri ya chupa, ambaye baharini ni taabu kumtoa ufani, tangini ana sifa moja nzuri: hujigawa. Akishiba na kupata mwanga, hujivuta pande mbili, akapasuka katikati, na kila nusu ikawa mnyama kamili. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wamewazidisha kwa njia hiyo kwa miaka mingi, na rangi zinazopendwa huuzwa kutoka tangi hadi tangi bila kugusa bahari. Wako hata wanaomgawa kwa wembe mkali, wakipitisha katikati ya mdomo ili kila nusu ibaki na sehemu ya mdomo na sehemu ya unyayo. Jambo hilo hufanywa kwa mnyama mwenye afya tu, na katika maji safi. Mkato safi wa wembe hupona kwa muda wa wiki chache, jambo ambalo mchaniko wa kuvutwa mara nyingi haulifanyi.

Si kila aina hukubali. Zile pana kama zulia ni nadra kujigawa, na kwa hiyo karibu kila moja inayouzwa imetoka baharini. Hiyo ni sababu ya kuzipunguza sokoni, si ya kuzikimbilia.

Pwani ina vitu ambavyo mfugaji wa Ulaya huvinunua kwa bei ghali: maji ya chumvi, joto na jua. Matangi ya saruji yaliyo karibu na bahari, yaliyotandazwa vijiwe vidogo huru na kufunikwa kwa wavu wa kivuli ili maji yasichemke adhuhuri wala yasipunguzwe chumvi na mvua, yanaweza kuwa kitalu cha anemoni. Gharama zipo. Pampu inataka umeme, maji yanataka kupimwa, na mavuno hayaji mwezi wa kwanza. Leseni nayo ni lazima. Mtu mmoja asiye na mtaji hatayaweza, lakini kikundi kinaweza.

Anayedhani kwamba wapwani hawawezi kilimo cha namna hiyo na aende Jambiani, Unguja. Huko wanawake wameshaonyesha kwamba sponji hufugwa baharini kwa kukata vipande, kuvifunga kwenye kamba na kungoja vikue. Kabla ya sponji walikuwa na mwani, uliolimwa kibiashara Zanzibar tangu mwaka 1989. Kilimo cha vipande si kigeni katika bahari hii.

Anemoni wa kitaluni angekuwa na faida nyingine iliyo wazi: angeuzwa akiwa ameshika kijiwe chake. Mzamiaji hangehitajika kumbandua, mwenye ghala hangembandua, wala mnunuzi wa mwisho hangepambana naye kwa kadi ya plastiki. Angetoka mikono hadi mikono na bonge lake la udongo, kama mche unavyotoka kitaluni kwenda shambani.

Mwenye duka naye ana wajibu. Mteja mgeni anayetaka "samaki na ua lake" aambiwe ukweli kwamba samaki huyo huishi vizuri tangini bila anemoni. Samaki wa aina hiyo walianza kuzalishwa kwa biashara huko Florida miaka ya 1970, na hadi leo wengi wao hawajawahi kuuona mnyiri hata mmoja. Kumuuzia anemoni mtu ambaye tangi lake lina wiki mbili ni kumwibia kwa tabasamu. Akirudi baada ya mwaka, tangi likiwa limekomaa na mkono wake umezoea, atakuwa mnunuzi wa kudumu.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na katika biashara nyingine msemo huo huweza kubishaniwa. Katika hii haubishaniwi. Kila mzamiaji, mwenye ghala na mfugaji ana uamuzi uleule mbele ya jiwe lenye anemoni: kungoja aachie, au kumwacha. Na wanunuzi wanaopanga bei ndio watakaoamua kama kungoja huko kunalipa.